Dona Violante Anatazama Ukuta

Ukiwa na kitu unachokipenda, usimpe Zabibu akutunzie. Sisemi kwa ubaya. Tangu nitoke Bukavu sijakutana na mwanamke mwaminifu kumzidi yeye, na uaminifu wake huohuo ndio ulioleta yaliyotokea chumba cha mbele. Angekuwa mzembe kidogo, au mwongo kidogo kama sisi wengine, yule mama wa kwenye picha angekuwa na uso wake mpaka leo.

Nyumba yetu iko Bertrams, hapa Johannesburg, ya zamani, dari lake la bati lenye maua ya kugongwa, kibaraza mbele. Kukiwa na mechi Ellis Park huhitaji televisheni, kelele zinakuja zenyewe mpaka kwenye sahani yako. Mwenye nyumba anakaa Troyeville na humwoni mpaka mwisho wa mwezi. Mimi ni fundi wa nguo za kike, cherehani yangu iko kwenye chumba kinachopakana na kibaraza, kwa hiyo hakuna anayeingia wala kutoka bila mimi kujua. Watu wananiita mbea. Sawa. Mbea ana macho, na hii nyumba ilihitaji mtu wa macho.

Chumba cha mbele, kile kikubwa cha dirisha la barabarani, alikuwa akikaa Dona Felismina, bibi wa Kireno aliyepanga humo tangu mtaa ukiwa wa Wazungu watupu. Wenzake wote walikwenda kujificha nyuma ya kuta ndefu za kaskazini. Yeye alibaki, akazeeka, akatuzoea tulivyoingia mmoja mmoja na masufuria yetu. Na ukutani mwake alikuwako mama yake.

Ilikuwa picha ya rangi ya mafuta, kubwa, mtu mmoja haibebi akaenda nayo mbali. Mwanamke kijana amekaa kwenye kiti cha mgongo mrefu, gauni la mahameli la kijani kilichokolea, kola ya lesi imepanda mpaka chini ya taya, lulu kifuani, upepeo umefungwa mkononi. Mimi ukinionyesha picha ya harusi naangalia mishono kwanza, bwana harusi baadaye. Basi niliipenda ile kwa ajili ya mikono ya gauni. Imejaa begani, imebana kuanzia kwenye kiwiko, halafu vifungo vidogo vidogo vimeteremka mpaka kwenye kifundo cha mkono, na mchoraji hakukiruka hata kimoja. Bibi harusi mmoja wa Yeoville nilimshonea mikono ileile, na mpaka leo mama mkwe wake ananisalimia barabarani.

Dona alipenda kukaa kibarazani na chai yangu ya tangawizi, na huko ndiko alikotusimulia. Mama yake aliitwa Dona Violante. Alikuwa binti wa mtu mwenye cheo huko Lisbon, watu ambao ukipita mbele yao unavua kofia. Alichorwa akiwa msichana, mwaka mmoja au miwili kabla Wareno hawajamfukuza mfalme wao. Mfalme alipokwenda, cheo nacho kikaenda. Akaolewa na mtu wa biashara, wakashukia bandari ya Lourenço Marques, biashara ikafa, wakapanda treni kuja Johannesburg. Binti wa watu wa kuvuliwa kofia akaishia Bertrams, akipinda nguo za wenzake kwa ujira, na picha yake aliyokuja nayo imekunjwa kama mkeka.

"Maman Dona, basi alikuwa mukimbizi," nikamwambia siku hiyo.

Alikasirika. Alikaa siku nzima hanisalimii. Kesho yake akaja na kikombe chake, akakaa, akasema amefikiri na ni kweli. Tangu hapo nilimwona Dona Violante kama mtu wa kwetu. Yeye alikimbia na picha, mimi nilikimbia na mkasi.

Dona Violante alikufa binti yake Felismina akiwa mtoto, hajaanza hata shule. Watu wazima walimfunika marehemu shuka kabla ya kumleta binti chumbani. "Nililetwa kuona shuka," Dona alituambia. Picha nyingine ya mama yake hakuwa nayo, hata ya kitambulisho. Uso alioujua maisha yake yote ni ule wa ukutani, na kila asubuhi alikuwa akiuamkia kwa Kireno kabla hajagusa maji.

Halafu magoti yakamshinda. Mpwa wake akaja kutoka Pretoria na gari safi, akamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee upande wa kusini. Chumba ni cha watu wawili, ukutani unaruhusiwa kalenda na msalaba, basi. Picha haikuwa na pa kwenda. Mpwa alisema yeye ataitunza fremu, ile ya dhahabu dhahabu yenye majani ya zabibu, na akaing'oa palepale kibarazani kwa bisibisi. Mwanamke mwenyewe hakumtaka. Sijamsamehe yule mtu na sina mpango huo. Fremu ile ingekuwepo, uso usingegusana na kitu.

Dona akamwita Zabibu. Zabibu na mumewe Mselem, yeye wa Tanga, mume wa Dar, walikuwa wakikaa chumba kidogo cha nyuma, na sasa ndio waliokuwa wanahamia cha mbele. Mselem anauza mikanda na vifuko vya simu kule Marshalltown, mwanaume mcheshi, hawezi kuona mtu amenuna akakaa kimya. Zabibu ndiye aliyekuwa akimwogesha Dona magoti yalipoharibika, bila kuombwa.

"Nikipata chumba cha peke yangu nitakuja kumchukua," Dona alimwambia. "Mpaka hapo mkae naye. Nakuomba kitu kimoja, menina, binti yangu. Fanya lolote, ila usimfunike. Usimwekee nguo usoni."

"Hii ni amana, Bibi Dona," Zabibu akasema. "Wallahi sitamfunika."

Nilikuwepo. Nilimwona Dona akishuka ngazi za kibaraza kwa matumaini, na nilimwona Zabibu akifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Sasa sikiliza shida yake. Chumba ni kimoja. Ndicho cha kulala, cha kula, cha wageni, na ndicho cha kuswali. Msumari wa Dona Violante ulikuwa ukuta wa upande wa kibla. Zabibu anasimama kuswali, anarukuu, anasujudu, akiinua kichwa anakutana na Mreno na lulu zake. Na hata angemhamishia ukuta mwingine, kwao wanasema malaika hawaingii nyumba yenye sura ya mtu ukutani. Kufunika ndiyo dawa ya siku zote, unatupia khanga, unaswali, unaiondoa. Lakini kufunika ameshaapa hafuniki.

Mimi nikaona jambo ni jepesi. "Maman Zabibu, leta ule mama kwangu. Kwangu kuko Yesu, kuko Bikira Maria, kuko papa wa kwenye kalenda. Atapata watu wa kusali nao."

"Shoga, haiwezekani," akasema. "Mtu akikuwekesha kitu, kimekaa mkononi mwako. Huwezi kukipeleka mkono mwingine bila mwenyewe kusema."

"Si umupigie simu umuulize?"

"Nimpigie mtu mgonjwa, nimwambie mama yako ananisumbua kwenye swala? Jamani, Jeannine, hata wewe."

Na hapo ndipo alipotafuta njia ya katikati. Aliishusha picha, akaisimamisha sakafuni, akaiegemeza ukutani chini ya msumari wake, uso ukiangalia ukuta. Hakufunika. Hakutoa. Nilimsikia akimwambia, "Samahani, bibi, kidogo tu." Akimaliza kuswali anamgeuza tena amwangalie dirisha.

Mwanzo alifanya hivyo kila swala, akimgeuza huku na huku kama chapati. Mselem alikuwa akicheka, anasema huyu mama ameadhibiwa kama mtoto wa shule. Lakini picha ilikuwa nzito, na mgongo wa Zabibu si wa chuma. Mara ikawa anageuzwa asubuhi na jioni. Mara ikawa Ijumaa tu. Mwisho Dona Violante akawa anatazama ukuta wiki nzima, isipokuwa Dona akipiga simu.

Dona alikuwa akipiga Jumapili mchana. Simu inalia, Zabibu haipokei. Kwanza anakimbilia picha, anaigeuza, anakaa mbele yake, ndipo anapokea.

"Anakutazama?" Dona anauliza.

"Ananitazama, Bibi Dona."

"Mwambie namsalimia."

Na Zabibu anamsalimia kweli, kwa sauti. Halafu anakata simu, anamrudisha kutazama ukuta. Hakusema uongo hata siku moja. Ningefurahi leo kama angekuwa amesema.

Mwaka wa pili, Ramadhani iliangukia kwenye baridi, na Dona akashikwa na kifua. Alilazwa wiki nyingi, simu haikulia. Hakuna aliyemgeuza Dona Violante mwezi mzima. Ikabaki siku chache Idi ifike, Mselem akasema chumba hakipokei wageni katika hali ile, na kwao Idi bila rangi mpya ukutani si Idi. Akaleta kopo kubwa la rangi ya mafuta, nyeupe ya maziwa, ile inayong'aa ambayo ukuta ukichafuka unafuta kwa kitambaa tu. Alipaka kuta zote kwa siku moja, akiimba taarabu mstari mmoja anaoujua. Picha alikuwa ameitoa kibarazani, mimi mwenyewe niliilinda isiibwe. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio, wakafunga dirisha, wakawasha hita ya gesi. Jioni ya pili Mselem aligusa ukuta kwa kidole. Kidole kikatoka safi.

"Umekauka, sharp," akasema. Akamrudisha Dona Violante mahali pake, uso ukutani, na nyuma yake akaegemeza mabegi yake ya mikanda ili chumba kiwe na nafasi ya wageni.

Idi ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Nilikula pilau mpaka nikafungua kifungo cha sketi. Nilikaa kwenye mkeka karibu na yale mabegi, tukacheka sana, wala sikumkumbuka.

Dona alipiga mwezi wa nane, Jumatano, si siku yake. Nilikuwa chumbani kwa Zabibu nampima gauni, pini ziko mdomoni mwangu. Simu ikalia, Zabibu akaona jina, akaruka na pini zake. Akasukuma mabegi, akashika ubao wa picha, akavuta. Haikuja. Simu inalia. Akavuta tena. Akaniangalia, akapokea.

Sauti ya Dona ilikuwa nyembamba lakini ya furaha. Mwenzake wa chumbani amehamishwa, chumba sasa ni chake peke yake, mkuu wa nyumba ameruhusu msumari mmoja. Jumamosi mpwa anamleta aje kumchukua mama yake. "Anakutazama?" akauliza.

Mkono mmoja wa Zabibu una simu, mwingine umeshika picha isiyotaka kugeuka. "Bibi Dona," akasema, "subiri kidogo, nitakupigia." Hakupiga.

Mselem alirudi jioni na robota la mikanda begani, akakuta tumekaa sakafuni. Aliingiza kisu cha mezani pembeni, akapitisha taratibu. Upande wa chini ukaachia, gauni likaja salama, upepeo ukaja, lulu zikaja. Akapata moyo, akavuta kwa juu. Ukatoka mlio kama wa plasta inayobanduliwa kwenye kidonda, na picha ikamjia mikononi ghafla akarudi nyuma hatua nzima.

Kola ya lesi ilikuwepo. Juu ya kola palikuwa na turubai tupu, na uzi wake wa kufumwa unaonekana. Uso ulibaki ukutani.

Sijui niueleze vipi ule wa ukutani. Haukuwa sura, kwa sababu uliotuelekea ni mgongo wake, kama unavyogeuza kitambaa ukaona upande wa kinyume. Rangi hafifu ya ngozi, kivuli pale pua ilipo, weusi wa nywele kwa mbali. Mbele yake yote ilikuwa imegandana na rangi ya Mselem. Hata baada ya picha kutoka alikuwa bado anatazama ukuta. Mselem akagusa mara moja kwa ukucha, kikabanduka kipande cha shavu kikawa unga, na Zabibu akapiga kelele asiguse tena.

Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Mselem alikaa kitandani na kisu chake, ameshika kichwa. Kisha, kwa sababu hawezi kuona mtu amenuna, akaanza kutafuta njia.

"Tumwambie wezi waliingia," akasema. "Bertrams hii, nani atabisha?"

"Nitakula kiapo cha uongo juu ya amana?" Zabibu akasema. "Mselem, wewe ndiye umeniambia hivyo?"

Mimi nikataja jina la Placide. Placide ni mtu wa Lubumbashi, anachora vibao vya saluni, vile vichwa vya wanaume wenye nywele za kukatwa vizuri. Ana mkono. Zabibu alikataa, akakubali, akakataa, mwisho akasema aje aangalie tu, na Dona ataambiwa ukweli hata akichorwa. Kesho yake Placide akaja, akaigusa turubai, akanusa ukuta, akapiga mluzi.

"Mafuta imekamata mafuta," akasema. "Ile ya ukuta ilikauka ngozi tu, ndani ilikuwa ingali mbichi. Hii haitoke tena. Uso minaweza kuchora. Lakini uso ya nani? Munipe foto."

"Foto hakuna," nikamwambia.

"Basi munielezee. Macho ilikuwa namna gani?"

"Meusi," Mselem akasema haraka, kama mtu anayejibu mtihani.

Placide akanigeukia mimi. Nikafungua mdomo. Ningeweza kumchorea yale mabega kwenye karatasi nimefumba macho. Ningemhesabia vifungo. Macho sikuwa nayo. Wala kama alitabasamu au la. Tukamwangalia Zabibu, ambaye alikuwa ameishi na yule mwanamke mwaka na nusu, akimgeuza na kumwomba samahani. Zabibu akajifunika uso kwa mtandio. Kila alipokuwa akimtazama, alikuwa na simu sikioni na haraka moyoni.

Placide akafunga mkoba wake wa brashi. Alisema anaweza kuweka uso wowote, mzuri, lakini yule mzee atajua ni mgeni. Alikataa hata nauli ya kurudi.

Jumamosi mpwa alisimamisha gari mbele ya duka la spaza la jirani, akabaki ndani akiongea na simu. Dona alipanda ngazi mwenyewe, fimbo mkono mmoja, bega la Zabibu upande wa pili. Alikuwa amekwisha, nguo zinamvaa badala ya yeye kuzivaa. Lakini alipaka rangi ya mdomo. Alikuwa amejipamba kwa ajili ya mama yake.

Zabibu hakumwacha aingie ndani kwanza. Alimwambia palepale kibarazani, amepiga magoti ameshika mikono yake, mwanzo mpaka mwisho: swala, malaika, ukuta, rangi ya Idi. Hakuruka kitu na hakumtaja Mselem kama ndiye aliyepaka. Alisema "tulipaka". Nilisimama mlangoni pangu nikisubiri bibi apige kelele. Ningependa angepiga.

"Nionyeshe," Dona akasema.

Tukampeleka. Tukamwekea kiti mbele ya ukuta. Aliangalia gauni lisilo na mtu, halafu akaliacha, akaangalia ukuta kwa muda mrefu. Akaweka kiganja chake juu ya ile rangi hafifu, bila kubonyeza.

"Kila nilipopiga ulisema anakutazama."

"Alikuwa ananitazama, Bibi Dona. Nilimgeuza kwanza, ndipo nikapokea."

"Na nilipokuwa sipigi?"

Zabibu akashindwa kuinua kichwa. "Alikuwa anatazama ukuta."

"Siku nyingi nilikuwa sipigi," Dona akasema. Kisha akasema, polepole, "Lakini hukumfunika. Nilikuomba usimfunike, na hukumfunika." Aliyasema kama mtu anayemtetea mwenzake mbele ya mahakama, na Zabibu alilia kuliko kama angetukanwa.

Dona alipozungumza tena hakuwa akituambia sisi hasa. "Kule hospitali nilianza kumsahau. Naona kola, naona lulu, uso unateleza. Ndiyo maana nilikuwa na haraka." Akamgeukia Zabibu. "Macho yake yalikuwa ya rangi gani, menina? Mimi nadhani ya kijivu. Nilikuwa najua, sasa nadhani tu. Wewe umekaa naye. Niambie, nimalizie."

Nilisikia mlango wa gari la mpwa ukifunguka na kufungwa. Zabibu alifungua mdomo. Nilimjua, alikuwa anataka kusema hajui.

"Ya kahawia, bibi!" Mselem akasema. "Kahawia kabisa. Kama ya kwako wewe."

Siku mbili kabla alikuwa amesema meusi. Alikuwa anaangalia macho ya Dona alipotamka hivyo, nilimwona. Alitaka kumpa kitu cha kuondoka nacho, ndivyo alivyo, hawezi kuona mtu anaondoka mikono mitupu.

"Kahawia," Dona akasema. Akatabasamu na ile rangi yake ya mdomo. "Kama yangu. Hakuna aliyewahi kuniambia. Basi kile kijivu ni uzee wangu tu."

Turubai hakuichukua. Alisema yeye hakuja kuchukua nguo. Alinitazama mimi akasema fundi achukue, na kwa kuwa mwenyewe amesema, Zabibu alikubali kuiachia. Iko kwangu juu ya cherehani. Wateja wanauliza kwa nini gauni zuri hivyo halina mtu, nawaambia washike mkanda wa kupimia wanyamaze. Mlangoni Dona alimwomba Zabibu ule ukuta wauache ulivyo. Zabibu akaapa tena.

Aliendelea kupiga simu Jumapili. Hakuuliza tena kama anatazamwa. Alizungumza habari za macho ya kahawia, jinsi yanavyokaa vizuri na kijani cha mahameli, jinsi anavyojiangalia siku hizi kwenye kioo na kumwona mama yake. Mselem akisikia hayo alikuwa akifurahi, anasema unaona, neno jema halina gharama. Mvua za majira ya joto zilipoanza, mpwa alituma ujumbe wa mstari mmoja kwamba shangazi amefariki na amezikwa tayari. Hatukuambiwa wapi.

Idi iliyofuata Mselem akaleta kopo jingine. Zabibu alikubali kuta zote isipokuwa pale. Mselem akapaka kuzunguka, akaacha kiraka kile, ukubwa wa sinia. Mimi nikamtania Zabibu, nikamuuliza malaika wake wameruhusu. Akanijibu siku hizi anaswalia jikoni, kati ya jiko la gesi na ndoo ya unga, na malaika wakija wana mengine ya kumuuliza kwanza.

Ilikuwa baada ya rangi ile kukauka, kukauka kwelikweli safari hii, ndipo alipokuja kwangu mchana mmoja na ngumi imefungwa. Alikuwa akisogeza kabati alirudishe mahali pake, ukuta ukatikisika, kikabanduka kipande cha ule uso, upande wake wa mbele umeachana na rangi ya ukuta. Hakikuvunjika. Kilidondoka juu ya mkeka kizima, na kwa mara ya kwanza kikaangukia mgongo, upande wa mbele ukawa juu.

Akafungua kiganja. Kilikuwa kidogo, kama ukucha wa kidole gumba. Kope, weupe kidogo, nukta ya mwanga ambayo mchoraji aliiweka kwa ncha ya brashi, na duara la jicho. La kijivu. Kijivu cha mvua, wala huwezi kubishana nalo.

Tulikaa nalo muda mrefu kwenye meza yangu, juu ya kitambaa cheusi ili tulione vizuri. Nje Mselem alikuwa anaosha brashi zake bombani, anaimba mstari wake uleule.

"Usimwambie," Zabibu akasema.

Sijamwambia.